Kabla Hujafungua Pampu

Juu ya Kisiwani, pale barabara ya Muheza kwenda Amani inapoanza kujikunja kuingia msituni, pikapu ya baba mdogo ilianza kuishiwa nguvu. Dereva akatoka gia ya tatu, akaingiza ya pili, akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Injini ikawa inanguruma lakini haivuti. Halafu mngurumo nao ukaanza kufifia, na kabla hajaingiza namba moja, ikazima.

Nyuma kulikuwa na mifuko 20 ya saruji, tani moja kamili, na juu ya mifuko amekaa utingo. Aliruka chini akatia jiwe nyuma ya tairi bila kuambiwa na mtu. Hapo nikaelewa kwamba wenzangu wameshaizoea hali hiyo.

Dereva hakufungua hata boneti. Alikunywa maji, akawaamkia kina mama waliokuwa wakiteremka na mikungu ya ndizi, akazungumza nao kidogo, kisha akarudi kwenye usukani na kupiga starta. Ikawaka papo hapo. Ikapanda kona zilizobaki kwa nguvu zake zote.

Kuharibika kwa gari kuukuu hakunishangazi. Kilichonikaa kichwani wiki nyingi baadaye ni huko kupona bila kuguswa.

"Pampu hiyo"

Ni Hilux ya 3L, ile dizeli ya cc 2,779. Haina kompyuta, haina pa kuchomeka mashine ya kupimia, na taa zake za dashibodi ni chache, kama za oili, chaji na breki. Ukitaka kujua inaumwa nini, huna budi kuiuliza kwa mikono.

Gereji ya kwanza tuliyoipeleka ilisikiliza maelezo mpaka katikati. "Inakosa nguvu mlimani? Pampu hiyo. Ishushwe, ipelekwe ikapimwe, na nozeli zote zibadilishwe kwa pamoja." Pampu ndiyo inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli, na nozeli huinyunyiza ndani ya silinda. Tukatajiwa bei. Baba mdogo akanyamaza, na nilimjua vya kutosha kuelewa kwamba tayari anahesabu ni mizigo mingapi ya saruji itaingia humo.

Niseme haki: kuishuku pampu si ujinga. Pampu ya injini hii ina pistoni moja tu ndogo, inayozunguka na wakati huohuo kwenda mbele na kurudi, na hiyo moja ndiyo inayogawa dizeli kwa silinda zote nne. Imekaa ndani ya nyumba yake kwa kubana kiasi ambacho jicho halioni nafasi. Haina oili yake. Inalainishwa na dizeli ileile ambayo yenyewe inaisukuma. Sasa mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli, na kuna miaka ambayo kodi ya mafuta ya taa ilikuwa ndogo sana kuliko ya dizeli, kiasi kwamba kuchanganya kulikuwa biashara nono. Ilipopandishwa mwaka 2011 faida hiyo ikakatika, lakini pampu zilizokunywa mchanganyiko kabla ya hapo nyingine bado ziko barabarani. Pikapu yetu ni ya zamani kuliko mwaka huo. Kwa hiyo aliyesema "pampu" alikuwa na sababu.

Ndiyo maana nilisita kusema kitu. Mimi si fundi. Nilikuwa na swali moja tu, na niliogopa lisionekane la kitoto: pampu iliyochakaa inapumzika dakika chache kisha inapona vipi?

Chuma kilicholika hakirudi kunenepa kwa kukaa kivulini.

Kulikuwa na jambo jingine. Pampu ikishashushwa na kufunguliwa, huwezi tena kujua ilikuwa katika hali gani. Ukiirudisha lazima uipangie wakati wake upya, na ukikosea kidogo injini itagonga au itatoa moshi. Tatizo la kwanza likiendelea, sasa una matatizo mawili yaliyopandana, na hela imekwisha. Nilimwomba baba mdogo anipe siku chache.

Utingo hakuulizwa

Makorora, mjini Tanga, kuna fundi mzee ambaye watu wa magari ya zamani wanamjua. Hana bango. Ana mwembe, meza ya chuma, na vijana wawili wanaojifunza kwake. Tulipofika nilimwamkia, nikaanza kueleza, naye akaniinulia kiganja kwa upole.

"Nani anaiendesha?"

Nikamwonyesha dereva.

"Na nani anakaa nyuma?"

Utingo akasogea akiwa ameduwaa kidogo, maana katika safari zote za gereji hakuna aliyewahi kumsemesha.

Boneti ilikuwa bado imefungwa. Mzee akaanza kuuliza, mmoja mmoja. Inazima ikiwa ya moto au hata ya baridi? Inazima ikiwa tupu? Kabla ya kuzima inamisi, au inafifia kama mtu anayepunguza mafuta kwa mguu? Mkiisubiri, inawaka kwa shida au mara moja? Na wewe kijana, moshi unauonaje?

Utingo akajibu bila kufikiri. "Moshi unakatika, mzee. Tukipanda na mzigo siku zote unanijia usoni. Sasa ikitaka kuzima, naona hewa imekuwa safi. Nikiona hivyo natafuta jiwe."

Mzee akatabasamu. Nadhani kazi nusu aliimaliza pale.

Injini ya dizeli inayokosa hewa, kwa mfano ea klina, chujio la hewa, ikiwa imeziba, hutoa moshi mweusi, kwa kuwa mafuta yanaingia lakini hayapati hewa ya kuungua nayo. Nozeli inayomwaga badala ya kunyunyiza hutoa moshi mweusi pia, au mweupe, na mara nyingi injini inagonga. Oili ikipenya kwenye ringi za pistoni utaona moshi wa bluu. Injini inayopoteza nguvu huku moshi ukipotea kabisa inasema jambo moja: haipati dizeli.

Hilo utingo alikuwa analiona kila wiki kwa macho yake mwenyewe.

Kitambaa chenye maji

"Lakini bado inaweza kuwa pampu," nilisema. Nilitaka kuwa na hakika kabla ya kurudi kwa baba mdogo.

Mzee alikubali kwamba inaweza. Akanieleza namna pampu iliyochakaa inavyojitambulisha. Dizeli ikipata joto inakuwa nyepesi. Unapopiga starta injini inazunguka polepole, na ile dizeli nyepesi inapenya pembeni mwa pistoni iliyolika badala ya kusukumwa kwenda mbele. Nguvu ya kufungua nozeli haipatikani. Kwa hiyo gari lenye pampu iliyochoka huwaka vizuri asubuhi, kisha ukilizima likiwa la moto linakukatalia. Mafundi hulipima kwa kuifunika pampu kitambaa kilicholowa, injini ikiwa imezimwa. Pampu ikipoa kidogo na gari likawaka, umeipata. Wengine humwaga maji moja kwa moja. Mzee hapendi, anasema chuma cha moto ukikishtua hivyo kinaweza kukwama.

Yetu ilikuwa inazima ikiwa ya moto kabisa, na kuwaka ikiwa ya moto vilevile, kwa starta moja. Hiyo si tabia ya pampu iliyochakaa.

Kisha akafungua boneti. Akabonyeza ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli, akaiachia, akatazama inavyorudi. Ikarudi vizuri. Akafungua koki ya chini ya filta, yakatoka matone machache ya maji, si ya kutisha. Akapiga resi, akasikiliza sailensi. Kila kitu kilikuwa sawa.

Hapa ndipo mafundi wengi huanza kubahatisha, na siwalaumu. Gari limekuja gereji likiwa zima. Mteja amesimama, ana haraka, anataka aone spana ikizunguka. Mzee alifunga boneti akasema, "Tatizo lake liko Amani. Tulifuate huko."

Mpira unaoona ndani

Tulienda siku ya mzigo. Mzee alikuwa amekata mpira wa dizeli kabla ya filta na kuweka kipande cha mpira laini unaopitisha mwanga, ule unaoona kinachopita ndani. Alibeba pia kidumu cha lita tano chenye dizeli safi na mipira miwili.

Sababu ya mpira ule naomba nieleze taratibu, maana ndiyo iliyonifungua macho. Pikapu hii haina pampu ya umeme kwenye tanki inayosukuma mafuta kuja mbele. Pampu ya injini inavuta yenyewe, kutoka tanki lililo nyuma, kupitia bomba refu lililo chini ya bodi. Upande wa kuvuta una tabia yake: bomba likitoboka, mara nyingi hutaona dizeli ikidondoka, kwa sababu ni upepo unaoingia ndani. Ukitazama chini ya gari pakavu unaamini hakuna tatizo. Mpira unaoona ndani hukata shauri. Ukiona mapovu, kuna tundu mahali. Usipoona mapovu na gari bado linakosa dizeli, kuna kitu kimeziba.

Kona ileile, au inayofuata, ikaanza kufifia. Ikazima. Mzee alishuka kwa kasi nisiyoitegemea kwa umri wake, akainua boneti, akaniita.

Ule mpira ulikuwa umekuwa bapa.

Haukuwa na povu hata moja. Kuta zake mbili zilikuwa zimegusana, na kati yake umebaki uzi mwembamba wa dizeli usiosogea. Pampu ilikuwa imevuta kwa nguvu zake zote mpaka mpira ukajikunja, na mbele ya mvuto huo kuna kitu kimekataa. Pampu tuliyotaka kuishusha kwa kukosa nguvu ndiyo iliyoubana mpira ule.

Dereva akafungua kifuniko cha tanki, kwa maana kitundu cha hewa cha kifuniko kikiziba, tanki hushindwa kupumua na dalili zake hufanana sana na hizi. Tulisikiliza. Hakuna mlio wa hewa kuingia, na mpira haukubadilika. Kifuniko hakikuwa na kosa.

Tukabaki tunautazama. Polepole sana, pasipo mtu kugusa chochote, mpira ukaanza kujaa na kurudi kuwa mviringo.

Nilisisimkwa mwili. Kule kupona kulikonisumbua siku zote nilikuwa sasa nakuona kwa macho.

Mzee hakuridhika na hapo. Alitoa mpira wa filta akauingiza kwenye kidumu, na mpira wa marejeo, ule unaorudisha dizeli ya ziada, pia akauingiza humohumo, akakifunga kidumu kwa kamba pembeni ya kioo. Sasa tanki na bomba lote la chini havimo katika mchezo. Dereva akawasha. Tulipanda mpaka juu na saruji yote, bila injini kukohoa.

Kwa safari hiyo moja pampu imetoka kwenye lawama, nozeli zimetoka, filta imetoka. Hakuna hata kimoja kilichofunguliwa. Kosa limebaki kati ya tanki na ule mpira.

Kipande cha rambo

Makorora, tanki likashushwa. Vijana wakamwaga dizeli kwenye beseni kupitia kitambaa. Kilitoka kutu kidogo, mchanga kidogo, kisha kikaja kipande cha plastiki nyeusi, laini, chenye ukubwa wa kiganja cha mtoto.

Kilikuwa kipande cha mfuko wa rambo. Mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, ila dizeli haiozeshi plastiki, na vipande vyake vingali vinazibia vifuniko vya vidumu mpaka leo. Dereva alikumbuka mara moja. Huko juu ikibidi wanajaza kwa vidumu. Mtu anaweka rambo chini ya kifuniko ili dizeli isimwagike njiani, kifuniko kinafunguliwa kwa nguvu, kipande kinachanika na kwenda na mafuta.

Ndani ya tanki kilikuwa kinatembea huru kwenye dizeli. Gari likiwa tupu au likiteremka, pampu inavuta kidogo na kipande hakisogei. Likibeba tani moja kupanda, dizeli inavutwa kwa wingi, kipande kinakokotwa mpaka kwenye mdomo wa bomba na kuuziba. Injini ikizima mvuto unaisha, kipande kinabanduka, kinakuwa huru tena. Ukiwasha, mzima.

Sijawahi kuona maelezo yanayotimiza kila dalili namna ile. Moshi uliokatika, kona za Amani tu, kuwaka kwa starta moja, vyote vikakaa mahali pake.

Hujabadilisha kitu

Hapa ndipo palipofanya niandike.

Mzee alitaja bei: kushusha na kupandisha tanki, mpira, na nauli yake ya siku ile. Ilikuwa pesa ndogo mno ukilinganisha na tuliyotajiwa kwa pampu. Baba mdogo, mtu mwema ambaye alinilea nusu ya utoto wangu, akashika kiuno. "Fundi, mbona hujabadilisha kitu? Umetoa kijikaratasi tu."

Mzee hakubishana. Akapunguza.

Baba mdogo alikuwa tayari kulipa mara nyingi zaidi ya hapo kwa pampu ambayo isingesaidia kitu, na angelipa bila kupunguziwa, kwa kuwa angeona kifaa kipya kimefungwa na cha zamani kimewekwa mkononi mwake. Nimemweleza hivyo baadaye, kwa heshima, na alinisikiliza. Akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake la haraka: "Sasa nikimlipa mtu kwa kutafuta, na asipopata?"

Nimelifikiria sana. Ni swali la mtu anayeishi kwa mzigo wa leo, na linastahili jibu la kweli.

Nilianza kuangalia wenye magari mapya hapa mjini. Taa ya injini ikiwaka wanakwenda "kupima na mashine", wanalipa, na hakuna anayesema "hujabadilisha kitu". Mashine inaonyesha namba, nao wanaondoka wameridhika. Namba yenyewe mara nyingi inataja eneo lenye hitilafu tu. Inaweza kusema mchanganyiko una mafuta kidogo, lakini kwamba chanzo ni mpira uliopasuka, filta au pampu, bado mtu atatafuta. Kumbe kulipia utafutaji tunajua. Tunachokosa ni kuuona ukiwa hauna kioo cha kuonyesha. Mzee na maswali yake, na mpira wake na kidumu, ni kipimo kamili. Ila kinatoka kinywani na mikononi mwa mtu, tukakiona cha bure.

Matokeo yake nayaona kwa wale vijana wawili wa chini ya mwembe. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba rafiki zake wa gereji nyingine wanapata zaidi kwa kubadilisha vifaa, kwa sababu kila kifaa kina pesa yake ya kufungua na kufunga. Anayetafuta kwanza hupoteza nusu siku na kulipwa kwa dakika kumi za mwisho. Ukimwambia kijana mwenye familia achague, atachagua nini? Halafu tunalalamika kwamba mafundi wa siku hizi wanabahatisha.

Sitaki kupitiliza. Kuna wakati kubadilisha ndiko kupima kwa bei nafuu. Filta ya dizeli isiyojulikana ilifungwa lini, badilisha tu. Kuichunguza kutakula muda kuliko thamani yake. Na kuna mafundi watakaotumia "ninatafuta" kukaa na gari lako mwezi mzima. Kwa hiyo nilimjibu baba mdogo hivi: kubaliana naye kabla. Bei ya kutafuta itajwe, siku zitajwe, na mwishoni akuambie alipima nini na aliona nini, hata kama hajapata. Kujua kwamba pampu ni nzima ni kitu ulichonunua. Kinakuokolea pesa kesho.

Hakusema ndiyo. Alisema, "Tutaona."

Daftari la gari

Mvua zilipoanza, pikapu ikaanza kutoa moshi mweupe asubuhi na kutikisika, kisha ikishapata moto inatulia. Mtu mmoja njiani akasema nozeli. Baba mdogo akanipigia simu mwenyewe. "Ipeleke Makorora. Mwambie fundi aniambie kwanza anataka ngapi kwa kutafuta."

Nilipomfikishia mzee ujumbe huo alikaa kimya, akauliza tena kama nimesikia sawasawa. Halafu akataja kiasi, kwa sauti ya chini, na baba mdogo akakubali kwenye simu bila kuomba apunguziwe.

Nozeli hazikuguswa. Mzee alifungua ile bati inayounganisha hita plagi, zile zinazopasha silinda moto kabla injini haijawaka, akamwita yule kijana aliyeniambia habari za rafiki zake, akampa taa ya majaribio iliyounganishwa kwenye chanya ya betri. Kijana akagusisha waya kwenye kila plagi. Tatu ziliwasha taa; ya silinda ya tatu haikuwasha. Nimeyaandika kwenye daftari la gari: tarehe, plagi mpya moja, ufundi, na bei ya kutafuta kwenye mstari wake yenyewe.